Desibeli Kumi na Moja

Kipima sauti hakina huruma na hakisemi uongo, ndiyo maana nimekipenda kuliko watu wengi ninaowafahamu. Ukikielekeza kwenye kitu, kinakupa namba. Hakibembelezeki.

Jumatatu asubuhi, kabla hata ya saa moja, nilikuwa peke yangu kwenye uwanja wa klabu yetu ya pikipiki za porini, nikipima utulivu. Utulivu nao unapimwa. Kabla hujapima kelele ya pikipiki, lazima ujue mahali penyewe pana kelele kiasi gani bila pikipiki, la sivyo utaibebesha makosa ya upepo na ya jenereta la jirani. Afisa wa mazingira alikuwa anakuja Alhamisi. Uwanja ulikuwa umefungwa miezi kumi na minne, na barua yake ilikuwa fupi: vipimo vya utulivu kwenye nukta tano za pembeni mwa njia, kisha pikipiki moja ipite mbele yake. Akiridhika, tunafungua. Asiporidhika, ng'ombe wataingia kula majani.

Nukta ya kwanza, desibeli thelathini na tisa. Ya pili, arobaini na moja. Ya tatu iko kwenye kona ya nyuma, chini ya tuta kubwa ambalo waendeshaji hulirukia. Sikuwa nimekanyaga pale tangu siku ile. Nikafungua miguu ya stendi, nikakivalisha kipaza sauti sponji yake ya kuzuia upepo, nikarudi nyuma hatua tatu. Arobaini. Vizuri.

Halafu ikaanza kupanda.

Arobaini na nne. Hamsini na moja. Nikageuka kutazama barabarani, hakuna gari. Hamsini na tisa. Majani yalikuwa yamesimama wima kama yamepigwa picha. Sitini na nane. Ikashuka kidogo, sitini na tano, kama mtu anayevuta pumzi, kisha ikaruka: sabini na tisa, themanini na nane, tisini na saba. Ikakaa hapo kwa muda wa kupepesa jicho, ikaporomoka hadi arobaini.

Tisini na saba ni kelele ya kukufanya uzibe masikio. Mimi pale nilikuwa nasikia saa yangu ya mkononi.

Nina stashahada ya ufundi mitambo na sina muda wa mashetani. Nikabadilisha betri. Nikachomeka kipaza sauti kwenye kile kikopo kidogo cha kusawazishia, ambacho hutoa mlio mmoja tu wa desibeli tisini na nne ili ujue kama mashine inasoma sawa. Ikasoma tisini na nne, sawasawa. Nikairudisha kwenye stendi. Arobaini. Nikaanza kuwaza kwamba labda ni simu yangu ndiyo iliyoivuruga, nikaizima.

Ikapanda tena. Namba zile zile, mpaka kile kishuko cha sitini na tano. Nikatazama saa: dakika mbili na sekunde nne tangu ile ya kwanza. Nikakaa chini kwenye vumbi, mwanamke mzima, kwa sababu huo ni muda wa pikipiki moja kuzunguka uwanja wetu mara moja.

Na tisini na saba niliijua. Nilikuwa nimeiandika kwa mkono wangu.

*

Kaka yangu alikuwa mtu wa bendera kwenye kona ile kwa miaka kumi na moja. Wote walimwita Sikio. Mtu wa bendera akisimama chini ya lile tuta haoni kinachokuja. Anaona ukuta wa udongo tu. Mwendeshaji akianguka mbele yake, anaingia njiani kumvuta, na anachotegemea kujua kama ana nafasi ni masikio. Sauti ikiwa ndogo, pikipiki iko mbali. Sauti ikiwa kubwa, kaa pembeni. Sikio aliweza kukuambia ni ya nani na iko wapi, huku anamenya chungwa.

Kwa sababu hiyo tulikuwa na desturi yetu ya kutambulisha. Kila siku ya mashindano, kabla ya lolote, watu wa bendera wanapanga mstari na kuipa migongo njia. Kila pikipiki inawashwa nyuma yao na kuvutwa mafuta mara moja. Wao bila kugeuka wanajibu, "Nimeipata." Sikio hakuweza kujibu tu. "Hiyo inakohoa, ipelekeni hospitali." "Hiyo nimeipata, na mwenyewe anadaiwa usingizi." Ukibadilisha chochote kwenye ekzosi, hata bolti, unaitambulisha upya. Hakuna aliyewahi kuiruka shughuli hiyo.

Isipokuwa mimi.

Kazi yangu klabuni ilikuwa kupima kelele na kuzipunguza. Waliniita Mama Desibeli, na sikuchukia. Mwezi ule malalamiko ya majirani yalikuwa yamezidi, na Mwenyekiti wetu alisema mbele ya watu kwamba pikipiki ya porini haiwezi kunyamazishwa bila kuua nguvu zake. Aliongeza, "Hata wewe Mama Desibeli, hapo umefika ukutani." Sipendi kuambiwa nimefika ukutani. Nilichukua pikipiki ya binti yangu, nikaifungua sailensa, yaani lile kopo la mwisho la ekzosi, nikatoa pamba ya kioo iliyokuwa imeungua na kuwa majivu, nikafunga mpya kwa tabaka mbili, nikarefusha bomba la ndani na kulitoboa matundu madogo zaidi. Wiki tatu za kazi. Kwenye nukta ya tatu, kabla: tisini na saba. Baada: themanini na sita. Desibeli kumi na moja, na nguvu haikupungua. Niliipima Ijumaa, siku ambayo Sikio alikuwa kazini kwake mjini.

Jumamosi ya mashindano nilitaka kumshtua Mwenyekiti. Ndiyo hivyo tu, hakuna sababu nyingine. Nikiitambulisha asubuhi, siri imetoka. Basi pikipiki ikabaki kwenye gari mpaka mstari wa watu wa bendera ulipovunjika. Binti yangu, aliyekuwa na miaka kumi na tisa, akavaa kofia yake na kuniuliza, "Mama, tumetambulishwa?"

Nikamjibu, "Ndiyo, nimemaliza."

Mzunguko wa nne kijana mmoja akaanguka kwenye kona ya nyuma. Sikio akaingia njiani kumnyanyua. Yule kijana alieleza baadaye kwamba alimwambia, "Bwana, tutoke, kuna pikipiki inakuja," na Sikio akacheka, akamwambia, "Tulia, hiyo bado iko mbali." Aliisikia. Kwa sikio lake, sauti ile ilikuwa ya pikipiki iliyo upande wa pili wa uwanja. Binti yangu alikuwa ameshapaa juu ya tuta.

Taarifa ya klabu iliandika: mwendo usiotarajiwa wa mwendeshaji. Nami niliisaini. Siku ya mazishi, wifi yangu, mke wa Sikio, hakupiga kelele wala kumtukana mtu. Alinivuta pembeni akasema, "Mtoto asije kwangu kwanza." Hiyo "kwanza" ilikuwa na miezi kumi na minne. Binti yangu alikulia nusu kwenye nyumba ile. Alikuwa na kikombe chake mle ndani. Sasa akitoka kazini kwenye duka la vifaa vya ujenzi anazunguka mtaa mzima ili asipite mbele ya geti lao.

Na kila baada ya wiki kadhaa ananiuliza swali lile lile, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei: "Mama, wewe unajua hesabu za mwendo. Nilikuwa na kasi kiasi gani?"

Namjibu, "Yamepita, mwanangu. Kula."

*

Jumanne nilimwita Mwenyekiti aje ashike kipima sauti mwenyewe. Alikuja na suruali yake iliyopigwa pasi, akaruka mashimo kama mbuni.

"Sasa mimi nashika tu?"

"Unashika tu. Na unyamaze."

"Hilo la pili ndilo gumu," akasema, akacheka.

Ilipofika sitini alikuwa bado anatabasamu. Ilipofika themanini akatazama juu ya tuta. Ilipofika tisini na saba akaruka kando ya njia, mguu wake mmoja ukaingia kwenye mtaro. Alisimama pale na soksi ya matope, anahema, uwanja mtupu mbele yake.

"Upepo," akasema.

"Upepo uko wapi?"

"Mama Desibeli, nisikilize. Huo ni upepo. Alhamisi huyu afisa anakuja. Utaandika arobaini, kama nukta nyingine. Na mwambie binti yako alete ile pikipiki yake ipite, maana ndiyo ya kimya kuliko zote. Tumalize jambo."

"Hatakubali."

"Muombe. Wewe ni mama yake." Akaangalia kona ile kwa pembe ya jicho. "Na mimi hapa sirudi. Shughuli zangu nyingi."

Nilibaki mpaka saa nne. Nilihesabu mara ishirini na saba. Nilichukua daftari la zamani, lenye madoa ya oili, nikalinganisha kurasa mbili, ya kabla na ya baada. Kilichokuwa kinapita pale hakikuwa pikipiki niliyoitengeneza mimi. Pikipiki niliyoitengeneza ilikuwa themanini na sita. Hiki kilikuwa na zile kumi na moja zote. Kelele niliyoitoa kwenye lile bomba, ile ambayo ingemfanya kaka yangu aruke pembeni, ilikuwa inakuja kila baada ya dakika mbili na sekunde nne, kwa uaminifu, na kumkuta hayupo.

Nilifunga stendi. Nikasema kwa sauti, "Sikio, nimekuelewa, basi." Nilijisikia mpumbavu. Hakuna kilichojibu, na sekunde chache baadaye namba zikaanza kupanda kwenye kioo, hata kabla sijazima.

*

Mwenyekiti hana kifua. Jioni ile ile alipita dukani kwa binti yangu kununua misumari asiyoihitaji, akamwambia mashine ya mama yake imeingiwa na wazimu kwenye kona ya nyuma. Jumatano asubuhi, nilipofika uwanjani, nilimkuta binti yangu ameshakaa juu ya tairi pale chini ya tuta, na sare yake ya dukani, mikono kati ya magoti.

"Umekuja na nini?" nikamuuliza.

"Na miguu. Weka hiyo mashine nione."

"Nenda kazini, utachelewa."

"Mama. Weka."

Nikaweka. Tukakaa. Tulikuwa hatujawahi kukaa pale wawili. Alionekana mdogo kuliko umri wake, kisha kama mkubwa kuliko mimi, kutegemea alikuwa ameelekeza uso wapi.

Namba zikaanza. Hakuogopa. Aliinamia kioo kama mtu anayesoma barua. Ilipofika hamsini na tisa mkono wake wa kulia ukaanza kusogea wenyewe juu ya goti, kifundo kikijikunja, kikijikunjua. Sitini na nane. Ilipoteremka sitini na tano kifundo chake kikafunga.

"Hapa nafunga mafuta," akasema kwa sauti ndogo. "Kabla ya tuta. Hapa nafungua."

Sabini na tisa. Themanini na nane. Tisini na saba.

"Ni mimi," akasema. "Mama, huyu ni mimi. Ni mimi ninakuja." Akanigeukia, macho makavu kabisa. "Ninakuja kila siku? Yuko hapa kila siku anagongwa?"

Ningeweza kumwambia upepo. Nakiri, neno lilifika kwenye meno.

"Siyo wewe," nikasema. "Tazama namba. Wewe siku ile ulikuwa themanini na sita."

"Sijui maana yake."

"Maana yake mimi sikuitambulisha pikipiki."

Nikaendelea, kwa sababu nikisimama nisingeanza tena. Nilimwambia kwamba Sikio alisikia themanini na sita akadhani ni tisini na saba iliyoko mbali. Nilimwambia alivyomjibu yule kijana. Nilimwambia mwendo wake ulikuwa wa kawaida kabisa, kwamba niliupiga hesabu wiki ile ile ya mazishi, kutoka kwenye alama za tairi, na ulikuwa mdogo kuliko wa mzunguko wa tatu.

"Nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza."

"Nikiwa nimevaa kofia. Nilikuuliza, mama, tumetambulishwa."

"Nikasema ndiyo."

"Kwa nini?"

"Nilitaka Mwenyekiti ashangae."

Nilitegemea alie, au anipige, au akimbie. Alicheka. Ilikuwa sauti fupi, mbaya, sitaki kuisikia tena. Kisha akasimama, akapangusa vumbi kwenye sketi, taratibu, upande huu na upande ule.

"Miezi kumi na minne unaniambia kula," akasema. "Nami nakula."

"Mwanangu."

"Usiniite sasa hivi."

Nilidhani nikishasema, jambo lile la kwenye kona litakoma. Ndivyo mtu anavyojidanganya, kama vile ni bomba linalovuja na mimi nimekaza nati. Tulisimama pale, yeye huku mimi kule, na dakika mbili na sekunde nne zilipotimia namba zikapanda zile zile, sitini na nane, sitini na tano, tisini na saba, zikapita katikati yetu. Nywele zake hazikutikisika.

"Saa tisa natoka kazini," akasema bila kunitazama. "Utakwenda kwa Anti, nyumbani kwa Mjomba. Nitakufuata nyuma. Utasema yote, na lile la Mwenyekiti pia. Mimi nitakuwa getini, nikisikia umepunguza neno hata moja, naingia nalisema mimi."

"Sitapunguza."

"Unapunguza kila kitu, mama," akasema, akaondoka.

*

Wifi yangu ni fundi cherehani. Anashonea sebuleni, mlango wazi ili apate mwanga. Nilimkuta ameinama, mguu unakanyaga, kitambaa cha bluu kinamtoka mikononi kama maji.

"Ehee, wifi! Leo umekumbuka njia?" akasema na pini mdomoni. "Au umekuja kupima kelele za cherehani yangu? Majirani wameshitaki?"

"Wifi, zima cherehani."

"Haizimwi, ni ya miguu. Shule hukusoma?" Lakini alikuwa ameniona uso. Akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa blauzi yake.

Nilisema nikiwa nimesimama. Nilisema yote, kwa mpangilio, kama ninavyosoma vipimo: wiki tatu za kazi, kumi na moja, Ijumaa, Mwenyekiti, swali la mtoto, jibu langu, taarifa niliyoisaini. Nilisema mbele ya picha ya kaka yangu iliyoko juu ya kabati, anacheka na chungwa mkononi.

"Sema tena," akasema wifi.

"Ipi?"

"Ya masikio."

"Aliisikia. Masikio yake hayakuwa na kosa. Alisikia sawasawa kitu ambacho mimi nilikuwa nimekibadilisha."

Akatikisa kichwa polepole. "Watu wamekuja hapa kunipa pole, wakakaa kwenye kiti hicho, wakaniambia Sikio alikuwa amezeeka. Kwamba angestaafu mapema. Nami nikaanza kumkasirikia. Usiku nalala nimemkasirikia marehemu, wifi, kwa uzembe wake." Akashika ukingo wa meza ya cherehani. "Na wewe ulikuwepo. Ulikuwa unatia chai."

"Nilikuwepo."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

Alisimama. Yeye ni mfupi, ananifika begani. Nilidhani atanizaba kibao na nilikuwa tayari, hata nilikuwa nimevua miwani. Alinipita. Alikwenda mpaka mlangoni, akaweka mkono juu ya macho kuzuia jua.

"Yuko wapi mtoto?"

"Getini."

"Tangu saa ngapi?"

"Tulikuja pamoja."

"Juani kote huku?" Akapaza sauti, sauti ya mtu aliyeita kuku na watoto na mume kwa miaka ishirini. "Wewe! Bi Mdogo! Utasimama hapo mpaka uote mizizi?"

Hilo lilikuwa jina alilopewa na mjomba wake. Hakuna aliyemwita hivyo tangu mjomba azikwe. Binti yangu alitokea kwenye geti. Akapiga hatua mbili ndani ya ua, akasimama tena, kama mtu asiyejua kama ardhi ile itambeba. Wifi yangu alishuka ngazi bila viatu, akamfuata, akamshika kifundo cha mkono, kile cha kulia, akamvuta kama anavyovutwa mtoto aliyechafuka.

Walipofika mlangoni nilijisogeza ili wapite. Nikainua mguu kuwafuata.

"Wewe subiri," wifi akasema. "Sijamaliza na wewe, lakini siyo leo."

Binti yangu alinitazama juu ya bega la Anti yake. Sikuona msamaha. Nilichokiona ni kwamba mabega yake yalikuwa yameshuka, yote mawili, mpaka mahali yalipokuwa zamani, na sikuwa nimejua kumbe alikuwa ameyabeba juu muda wote ule.

Mlango haukubamizwa. Ulisukumwa tu, polepole, mpaka ukajifunga.

Nilibaki kwenye ngazi. Kesho yake nilikuwa na afisa wa kumwandikia tisini na saba na Mwenyekiti wa kugombana naye, na taarifa ya ajali ya kuandikwa upya kwa jina langu. Nilijua hayo yote. Sikuondoka kwanza. Ndani nilisikia kiti kikivutwa kwenye sakafu. Kikavutwa kingine. Nikasubiri kidogo, lakini vilikuwa viwili tu.